Shajara ya jiko la Langoni: kutoka vifuko vya nailoni hadi chupa zinazorudi

Jiko letu liko mtaa wa Langoni, Amu, yaani mji wa Lamu. Tu watatu: mimi, dada yangu na mama. Tunapika mabuyu, achari ya embe na ya ndimu, na kashata za nazi. Tulianza tukiuzia maduka 9, mawili yakiwa kijiji jirani cha Shela. Naandika ili mwenye jiko kama letu asiyalipie upya makosa tuliyokwisha kuyalipia. Bei zote ni shilingi za Kenya, na hesabu zimetoka kwenye daftari letu.

Kilichonisukuma ni punda wa mjomba. Mwaka jana alivimba tumbo siku tatu, akafa. Alipopasuliwa likatoka donge la nailoni, ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Mjomba akalifumua kwa kijiti. Ndani mlikuwa na vifuko vidogo vyembamba, na vingine bado vilikuwa na fundo lake. Fundo lile nalijua. Unazungusha mdomo wa kifuko mara mbili kwenye kidole cha shahada, unapitisha ncha, unakaza kwa meno. Ndivyo tulivyokuwa tukifunga mabuyu. Siwezi kusema vifuko vile vilikuwa vyetu, wala siwezi kusema havikuwa.

12 Januari 2025. Kuhesabu

Kabla ya kubadili lolote tulitundika gunia mlangoni pa jiko. Kwa wiki mbili kila kifungashio, kiwe kinaingia au kinatoka, kiliandikwa. Kwa wiki moja tulitoa vifuko 300 vya mabuyu na vikopo 60 vya plastiki vya achari. Hilo tulilitarajia. Gunia lenyewe ndilo lililotushtua, kwa sababu lilijaa kwa vitu tulivyonunua: pakiti za sukari za kilo 2, vijikaratasi vya pilipili ya unga, chupa za siki, pakiti za chumvi. Tulidhani sisi ndio watoa taka, kumbe taka nyingine twaziingiza wenyewe.

Hilo lilikuwa rahisi kuliko yote. Tumehamia gunia la sukari la kilo 50, pilipili twanunua kavu na kusaga wenyewe, chumvi kwa gunia. Sukari peke yake imeshuka shilingi 9 kwa kilo.

Kuhusu vifuko, nieleze hali ilivyo. Marufuku ya mifuko ya nailoni Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017. Haikugusa mifuko ya kubebea peke yake. Hata ile bapa isiyo na mikono imo, na adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote pamoja. Mifuko mikubwa ilitoweka mjini. Vile vidogo vya mabuyu vikaendelea kuingia kimyakimya, na sisi tulivinunua, 100 kwa shilingi 60. Tumeacha leo.

Wengine waliniambia plastiki si tatizo siku hizi, hukusanywa ikatengenezwa upya. Wakanitajia mashua ya Flipflopi, iliyojengwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, ikashushwa majini 2018 na kusafiri hadi Zanzibar 2019. Mashua ile naipenda na nawaheshimu mafundi wake. Lakini ubao wa plastiki hutoka kwenye plastiki nene iliyo safi. Kifuko chembamba kilichoganda sukari hakuna anayeinama kukiokota isipokuwa punda.

2 Februari. Karatasi ya mabuyu, jaribio la kwanza (halikufaulu)

Tulianza na magazeti na kurasa za daftari za watoto wa skuli, tukasokota kama wauza njugu. Siku ya kwanza tu rangi nyekundu ya mabuyu ikakutana na wino, na mtoto akarudi dukani na ulimi mweusi. Tukaacha siku ile ile. Chakula chenye unyevu kisitiwe kwenye karatasi iliyochapwa.

Tukaagiza karatasi za kaki kutoka Mombasa. Tukasokota 300, tukajaza, tukapeleka madukani. Siku mbili zilikuwa nzuri. Siku ya tatu mabuyu yaliloa, yakashikamana na karatasi, na ukivuta mbegu inatoka na ngozi ya kaki. Sukari huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya kisiwani ina unyevu hata wakati wa kaskazi kavu. Nailoni ilikuwa ikiyakinga bila sisi kujua. Tulipoteza kilo 6.

16 Februari. Karatasi ya mabuyu, jaribio la pili (limefaulu)

Kosa lilikuwa kufunga mapema. Sasa mabuyu hayafungwi jikoni. Kila duka lina kopo letu kubwa la bati lenye kifuniko cha kukaza, na pembeni karatasi za kaki zilizokwisha kusokotwa zimechomekwa moja ndani ya nyingine. Mteja akija, mwenye duka anachota kikombe kimoja anamimina. Karatasi hukaa na mabuyu dakika kumi tu, maana hakuna mtoto anayefika nyumbani nayo.

Ugumu ulitoka kwa wenye maduka. Mmoja wa mtaa wa Mkomani alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Mwanangu, nyote mwaniletea kazi. Huyu achota, huyu apima, na mimi nina mikono miwili." Alikuwa na haki. Tulimwongezea faida kidogo, akakubali kwa mwezi mmoja wa majaribio, na bado yumo. Maduka mawili yalikataa kabisa. Tumebaki na 7.

Kusokota karatasi 100 huchukua kama dakika 25 kwa mikono iliyozoea. Mama huzisokota baada ya isha huku akizungumza na majirani. Gharama ya karatasi ni shilingi 200 kwa wiki.

Kashata hazikutusumbua. Zakaa kwenye sinia chini ya kawa, na hutolewa juu ya kipande cha jani la mgomba lililopitishwa motoni ili lisipasuke. Tulijaribu pia vikapu vidogo vya miyaa kutoka kijiji cha Matondoni. Ni kazi nzuri ya mikono ya watu, lakini kikapu cha shilingi 40 hakiwezi kubeba kashata ya shilingi 10, na vilivyobaki stoo viliota kuvu.

9 Machi. Achari kwenye chupa

Ramadhani imeingia, na kila nyumba ina viazi vya karai wakati wa kufuturu, kwa hivyo achari yatoka kuliko miezi yote. Tumeona ndio wakati wa kuacha vikopo.

Kwanza tuliokota chupa za jamu na za mayonezi kutoka jikoni kwa hoteli za Shela. Ni bure, lakini kila moja ina mdomo wake na kifuniko chake, na harufu ya kitunguu saumu iliyoingia kwenye mpira wa kifuniko haitoki hata ukichemsha. Tulipoteza siku nne kutafuta vifuniko vinavyolingana.

Tukanunua mpya Mombasa: chupa 120 za kioo za gramu 250, mdomo mpana, na vifuniko vya bati, shilingi 55 kila moja. Basi hadi Mokowe, boti hadi Amu, punda hadi mlangoni: shilingi 900. Kila chupa basi ilitugharimu 62 na senti 50. Bei ya achari ni 200, juu yake amana ya shilingi 20, na anayerudisha chupa anarudishiwa. Mpango si mgeni, kila mtu anaujua tangu soda za chupa.

6 Aprili. Chupa haziji

Idi imepita. Chupa zote 120 zimetoka. Zimerudi 31.

Nilidhani watu wanazitupa, nikazunguka vichochoroni na kwenye jaa kuzitafuta. Sikuona hata moja. Jibu nililipata kwa shangazi yangu nilipokwenda kumpa mkono wa Idi. Juu ya rafu yake zilipangwa chupa zangu tano, safi zang'ara. Moja ina bizari nzima, moja iliki, moja karafuu, moja iliki ya kusaga, ya tano vifungo vya nguo.

"Shangazi, hizi si chupa zangu?"

"Zako, mwanangu. Chupa nzuri kama hii haitupwi."

Akanimiminia kahawa. Nilikaa pale nazitazama nikahesabu kichwani. Amana yangu ni 20, na chupa tupu yenye kifuniko dukani haipatikani kwa bei hiyo. Kwa mtu mwenye akili, kurudisha ni hasara. Na taka hapo hakuna. Chupa ile itakaa kwa shangazi miaka kumi. Hasara ni yangu peke yangu, kwa kuwa niliuza kitu cha 62 kwa 20.

Kwa hivyo amana sasa ni 70. Anayekuja na chupa yetu tupu hulipa 200 ya achari tu. Asiyerudisha amenunua chupa kwa bei ya haki, na sisi twapata ya kununulia nyingine. Nilihofia watu wangekasirika kwa 270. Baadhi walikasirika. Wiki mbili za kwanza mauzo yalishuka kutoka 60 hadi 38, kisha yakapanda tena watu walipoona ni mara ya kwanza tu.

27 Aprili. Masika: punda na kutu

Makosa mawili wiki moja.

Shehena ya Shela ilibebwa na punda, chupa zimefungwa kwa magazeti ndani ya shogi, kikapu cha mgongoni mwa punda. Mvua ilikuwa imenyesha, punda akateleza kwenye ngazi za ufukweni. Hakuumia, alhamdulillahi. Chupa 11 zilivunjika, na achari iliyosalia tuliimwaga yote kwa kuhofia vigae. Sasa shogi lina vyumba. Mama mmoja wa Matondoni alitushonea ukili mnene kwa mtindo wa kasha, kila chupa na shimo lake, chini tumejaza makumbi. Shilingi 640. Tangu hapo hakuna iliyovunjika njiani.

La pili ni vifuniko. Achari ni chumvi na ndimu, na chumvi na ndimu havielewani na bati. Rangi ya ndani ikichubuka kidogo tu, kutu inaanza, na kwenye masika huenda mbio. Chupa nyingi zilizorudi zilikuwa na duara la kahawia kwenye mdomo wa kifuniko. Tukaviuza vyote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Vifuniko vipya ni vya plastiki ngumu, shilingi 12. Najua wapo watakaoniuliza nimefanya kazi gani kama narudi kwenye plastiki. Kifuniko hiki hurudi na chupa yake, huoshwa na kutumika tena. Cha bati kilikufa baada ya safari moja au mbili. Nachagua kinachorudi.

Chupa 68 za mwanzo sizitarajii tena. Zilizobaki mkononi ni 41. Nimenunua nyingine 100, safari hii bila vifuniko: 57 na senti 50 hadi mlangoni. Na vifuniko 150.

1 Juni. Maji

Hili ndilo ambalo sikulifikiria hata mara moja, na nadhani ndilo zito kuliko yote.

Tuliacha kutupa vikopo, tukaanza kuosha chupa. Wiki ya kwanza dada alitumia madumu 5 ya lita 20 kwa chupa 60. Lita 100. Maji matamu ya mjini hutoka kwenye visima vya machanga ya Shela. Mvua inayonyesha juu ya vilima vile huchujwa na mchanga na kukaa chini yake, ikielea juu ya maji ya chumvi ya bahari. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Siwezi kuokoa punda kwa kukausha kisima.

Tulijaribu kuosha kwa maji ya kisima cha nyumbani, yenye chumvi. Sabuni haikutoa povu, na chupa zilipokauka zilibaki na ukungu mweupe kama za zamani. Mteja mmoja alirudisha akidhani ni kuvu.

Utaratibu uliotufaa, kwa anayetaka kuunakili:

Mteja anaombwa asuuze chupa siku anapoimaliza. Achari iliyokauka wiki mbili hula maji mara tatu ya ile mbichi. Tulipoandika ombi hilo kwenye lebo halikusomwa. Wenye maduka walipoanza kukataa chupa chafu, likasikika.

Kabla ya maji kugusa chupa, mafuta hufutwa kwa makumbi makavu na konzi ya majivu ya jiko. Hapa ndipo tulipookoa maji mengi. Tulikuwa twayatumia kupigana na mafuta, na majivu hula mafuta vizuri zaidi.

Kisha beseni tatu: ya kwanza maji ya kisima na brashi, ya pili maji matamu na sabuni, ya tatu maji matamu ya kusuuza. Beseni ya tatu ikichafuka huwa ya pili, na ya pili huwa ya kwanza kwa kundi lifuatalo. Maji ya mwisho humwagiwa mpapai.

Kuchemsha: chupa huingia kwenye sufuria ya maji ya baridi, na moto huja pole pole. Tulipasua 3 kwa kuzitumbukiza kwenye maji yaliyokwisha kuchemka. Yakianza kutokota twahesabu dakika 10. Seredani moja ya makaa huchemsha kundi lote kama twafuatanisha bila kuacha moto ulale.

Sasa ni madumu 2 kwa chupa 60, lita 40. Dumu la maji matamu ni shilingi 30.

Na lebo. Zile za kujibandika zilikuwa zikinikata kucha, na gundi yake haitoki ila kwa mafuta ya taa, ambayo hayafai kukaribia chombo cha chakula. Tumerudi kwenye gundi ya unga wa ngano, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji juu ya moto hadi iwe nzito. Hushika mwezi mzima na huachia yenyewe beseni ya kwanza.

20 Julai. Chombo cha mteja

Majirani wameanza kuja na vyombo vyao: vikombe, mabakuli, hata birika. Mwanzo tulipima kwa mizani, chombo kitupu kwanza, kisha kikiwa kimejaa, tukitoa tofauti. Kila mteja alikuwa na la kusema kuhusu mizani. "Mbona jana bakuli hili hili lilikuwa jepesi?" Foleni ikawa ndefu, na maneno yakawa mengi.

Mama akaingia ndani akatoka na kibaba cha bibi, cha mbao, kimeliwa ukingo upande mmoja kwa miaka ya mkono ule ule. Zamani nafaka ziliuzwa hivi, kwa kibaba, na vibaba vinne ni pishi. Mteja anaona kimejaa, anaona kimesawazishwa kwa kijiti, hana la kuuliza. Kile cha bibi hatukigusi. Tumechongesha vingine viwili, na cha achari ni cha bati lisiloshika kutu. Kibaba cha mabuyu kina bei moja, na maneno yamekwisha.

Nilidhani ni wachache watakaokuja hivi. Sasa robo ya mabuyu yetu hutoka bila hata karatasi.

30 Agosti. Hesabu, na yaliyobaki

Mfungo Sita umeingia, na watu wa Maulidi wataanza kufika msikiti wa Riyadha kutoka kila upande wa mwambao. Kabla ya pirikapirika, nafunga hesabu.

Zamani vifungashio vilitula 1,260 kwa wiki: vifuko 180, vikopo 1,080. Sasa ni 370: karatasi 200, maji 60, makaa 100, unga wa gundi 10. Tofauti ni 890 kwa wiki.

Kuanzia kumetugharimu 15,690: chupa za kwanza na usafiri 7,500, za pili 5,750, vifuniko 1,800, kasha la ukili 640. Ukitoa amana za chupa 68 zilizobaki kwa watu, ambazo ni 1,360, ni 14,330. Hiyo ni kama wiki 16 za kujilipa. Ningeanza na amana ya 70, ningefika mapema zaidi. Kazi ya mikono sikuihesabu, na anayelipa vibarua lazima aihesabu: kuosha na kuchemsha chupa 60 ni saa tatu za watu wawili.

Julai tuliuza chupa 240, zimerudi 219. Amana za 21 zisizorudi ni 1,470. Nimenunua 20 pamoja na vifuniko kwa 1,390, zikabaki 80.

Yaliyotushinda bado: siki huja kwenye madumu ya plastiki ambayo muuzaji hataki kuyapokea tena, na tuna 14 nyuma ya nyumba. Mawili tumeyafanya ya kuchotea. Duka moja la Shela bado huwapa watalii mfuko juu ya chupa, na mwenyewe amesema ataacha. Na kusaga pilipili jikoni kunamkohoza mama, kwa hivyo tunatafuta mtu wa mashine atakayetusagia tukimletea gunia letu.

Leo asubuhi punda ametoka na chupa 96 kwenye kasha, nyingi kuliko tulizowahi kupeleka mara moja, kwa wageni wa Maulidi ambao hawakai mjini. Tumewaomba wenye maduka wawaambie wageni kwamba chupa yaweza kurudishwa duka lolote kati ya yale 7, hata kama haikununuliwa pale. Nitaandika zilizorudi watu wakishaondoka.